Zimwi la Turubai

Kaeni vizuri. Asiyependa kubebeshwa mzigo wa kuamua aondoke sasa hivi, maana mimi nimeubeba wiki nzima na nimechoka.

Hapa Singida mjini kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Ntandu alikuwa mchimba visima mwenye pumzi ndefu. Ndoo ikitumbukia kisimani, alizama akaitafuta taratibu kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Mama Paskalina alishona maturubai ya malori, na mshono wake haukuwahi kufumuka. Zaituni aliita abiria stendi. Sauti yake ilimfikia mtu akiwa bado anakunywa chai nyumbani, akainuka.

Wa nne alikuwa Eliya, mpiga picha za harusi. Huyu hakuwa na kipaji, alikuwa na kamera. Siku moja akawaita wale watatu, akawaambia watengeneze filamu ya zimwi la baharini.

"Bahari iko wapi hapa?" Zaituni akauliza.

"Ziwa letu si lina chumvi?" Eliya akajibu. "Bahari ndiyo hiyo hiyo, ila kubwa."

Hakuna kati yao aliyewahi kuiona bahari, basi wakakubaliana.

Mama Paskalina akashona zimwi la turubai, urefu wa hatua kumi na tano, akalifungia madumu matupu ili lielee. Akalitia macho ya vifuniko vya sufuria, mazuri kwelikweli, lakini akasahau kumwachia mtu wa ndani tundu la kuonea. Ntandu akaingia humo, akawa anatembea na kuzama gizani. Zaituni akasimama juu ya mwamba akimwongoza: "Kaka Ntandu, kushoto! Rudi nyuma! Zama sasa!" Siku tatu walipiga picha hivyo, na siku zote tatu zimwi lilichekesha. Mara mkia ulitangulia kichwa. Mara ndege, wale heroe wa ziwani wenye miguu mirefu, walikuja kutua mgongoni.

"Mbona linaonekana kama godoro!" Eliya akafoka.

Siku ya nne upepo ukaja, na nyinyi mnaujua upepo wetu. Mama Paskalina akasema, "Mwanangu Eliya, leo tuache." Eliya akasema mawimbi ndiyo aliyokuwa akiyasubiri.

Upepo ukaliinua turubai, ukalivuta hadi kwenye kina kirefu, ukalipindua. Madumu yakawa juu, Ntandu chini, na maji yakajaa ndani.

Ntandu alibana pumzi. Mtu mwingine yeyote angekufa. Yeye aliendelea kupambana mle gizani akitafuta upande wa kwenda. Alitoka hai, ila kifua kimeharibika. Siku hizi akipanda ngazi za benki hukaa katikati kupumzika, na kisimani hashuki tena.

Zaituni alipiga kelele. Alishindana na upepo, "Ntandu, huku! Njoo huku!", mpaka akatema damu, na Ntandu mwenyewe anaapa kwamba aliifuata sauti ile, akiwa bado ndani ya turubai, hadi kwenye maji ya kifuani. Tangu hapo Zaituni ananong'ona tu. Stendi wameshaweka mtu mwingine.

Mama Paskalina, mwanamke wa miaka hamsini na nane asiyejua kuogelea, aliingia majini na kisu chake cha kazi. Mishono yake mwenyewe ilimshinda, ikabidi alipasue turubai lenyewe. Kisu kikateleza, kikamkata mishipa ya vidole vitatu. Sindano haikai tena mkononi mwake.

Na Eliya? Eliya hakuiweka kamera chini.

Filamu mmeiona, msijifanye. Pale mwisho zimwi linapojinyonganyonga, huyo ni Ntandu anakufa maji. Yule mwanamke jasiri anayelichoma kisu ni Mama Paskalina, na machozi yale hakuyaigiza. Na ile ngurumo inayowatisha watoto wenu ni Zaituni akimwita mwenzake. Eliya aliifanya nzito kwa kompyuta tu. Mimi niliiona ukumbini. Watu walipopiga makofi nilitoka nje.

Sasa kampuni moja ya filamu huko pwani imeandika barua. Inatoa kazi ya kudumu kwa mtu mmoja tu, "aliyelitia zimwi lile uhai", na inataka jina lake, mwisho Ijumaa. Eliya aliileta kwangu nichape jibu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye steshenari.

"Wale watatu wakishindwa kuelewana, andika jina langu," akaniambia. "Ningeiweka kamera chini, nani angejua kwamba waliteseka?"

Nilitamani kumtoa kwa ufagio. Lakini swali lake limenikaa kichwani.

Wale watatu nao wakaja. Ntandu akasema apewe yeye, kwa sababu kifo kilikuwa chake. Zaituni akanong'ona, "Bila mimi, kaka, ungekifuata hicho kifo mpaka mwisho." Mama Paskalina akaweka mkono wake mbovu juu ya meza yangu. "Na bila huu," akamwambia Zaituni, "leo ungekuwa unagombana na maiti." Watu hawa walikuwa wakila sahani moja. Waliondoka kila mtu na njia yake, hakuna aliyeaga.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: pwani wanataka pumzi, sauti na mkono, na vyote vimebaki ziwani. Nikiandika ukweli wote, kazi itakwenda kwa mtu mwingine kabisa. Mzima ni Eliya peke yake, yeye na kamera yake.

Jibu nimeshalichapa, imebaki nafasi ya jina. Ijumaa ni kesho. Haya, wewe uliyekaa hadi mwisho, vidole vyangu viko hapa juu ya kompyuta: niandike nani?