Shangazi Mwatumu na Mgeni wa Mgongoni

Paukwa.

Pakawa.

Sauti gani hiyo? Ugali wote mliokula umekwenda wapi? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nchi ndefu, ndefu hata jua likiivuka lilipiga miayo katikati.

Hapo kale, pwani ya nchi hiyo alikaa Shangazi Mwatumu, mwanamke mnene wa haja na maneno yake mdomoni. Kaka yake alikufa akamwachia mtoto mmoja, Mbwana, naye akamlea kama wa kumzaa. Mbwana akakua, akaenda ziwani, upande wa pili wa nchi, akampenda Nyanjige. Lakini watu wa ziwani wana ada yao: bwana harusi haingii ndani mpaka shangazi yake apige vigelegele mlangoni, tena awe amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Jua likifika utosini hajatokea, bibi harusi anapewa mposaji wa pili. Na mposaji wa pili alikuwa Fisi, ameshajipaka mafuta.

Habari ikamfikia Shangazi imechelewa, maana aliyetumwa kuileta alikuwa Konokono. Shangazi akajifunga kibwebwe, akachukua kibuyu cha maji na kifurushi cha mihogo ya kuchoma, akatoka mbio peke yake.

Mbio, mbio, mbio. Jua lilipopanda, kitu kikamrukia mgongoni, pwa. Kumbe ni Uchovu, kijizimwi chenye kitambi na miguu mifupi. Akaimba:

Shangazi keti, keti,
kivuli hakina kodi,
harusi haina miguu.

"Mimi sijachoka," akasema Shangazi. Uchovu akazidi uzito, akawa kama gunia la mahindi.

Mbio, mbio. Wimbo ule ule. Shangazi akamtukana, yeye na mama yake na wajomba zake. Uchovu anapenda matusi. Akanenepa, akawa magunia mawili.

Mwendo. Si mbio tena, ni mwendo tu. Wimbo ule ule. Shangazi akaokota fimbo amchape. Fimbo ikampata mwenyewe. Uchovu akacheka mpaka akawa magunia matatu.

Nyuma yake Kobe akapiga hodi. "Shangazi, nipishe nipite."

Kupitwa na kobe, jamani. Shangazi akalia machozi kabisa. "Mwanangu atakosa mke kwa ajili ya huyu. Namfukuza hafukuziki."

"Huyo si mgeni?" Kobe akauliza. "Unamfukuza, kwani ulishamkaribisha?" Akapita zake.

Shangazi akafikiri, akafuta machozi. "Karibu, mgeni," akasema. Akammwagia maji anawe, akampa muhogo, wakakaa kivulini kidogo. Kisha akasema, "Haya, mgeni wangu, twende." Uchovu hajawahi kukaribishwa tangu azaliwe. Akaona haya, akapungua gunia. Siku ya pili vivyo hivyo: maji, muhogo, kivuli, twende.

Kukacha siku ya tatu, ndiyo siku ya harusi yenyewe. Shangazi akasema kama anayejisemea, "Mgeni siku mbili..."

"Ya tatu mpe jembe," akajibu Uchovu. Nani awezaye kuiacha methali inaning'inia? Alipofumba mdomo, maneno yalikwisha kutoka.

"Umesema mwenyewe. Sasa jembe sina, kazi yangu mimi ni mbio. Shuka."

Uchovu akashuka, akatwikwa kifurushi, akatangulia. Mbio, mbio, mbio, kitambi huku, miguu kule.

"Shangazi, nimechoka."

"Utachokaje, nawe ndiwe Uchovu?"

Uchovu akageuka huku na huku. Akatafuta wa kumpanda, njia tupu. Akajaribu kujipanda mgongoni mwenyewe, akaanguka kifudifudi.

Wakafika ziwani jua limebakiza kidole kufika utosini. Mbwana ameketi chini, analia. Fisi ameshatia mguu mmoja mlangoni. Shangazi akafungua kinywa apige vigelegele, pumzi hana. Ikatoka "fyuu" tu. Wakwe wakatazamana.

"Hicho si kigelegele," akasema Fisi, akainua mguu wa pili.

Hapo Uchovu akauona mgongo wa Fisi, mpana, unang'aa mafuta, haujakaliwa na mtu. Akaruka, pwa. Fisi akapiga mwayo. "Ngojeni niketi kidogo," akasema, akalala pale pale kizingitini. Shangazi akavuta pumzi, akapiga vigelegele hata samaki wakachungulia. Mbwana akamruka Fisi, akaingia kwa mkewe.

Fisi alipoamka hakumkaribisha mgeni wake, alimtukana. Bado anamtukana. Ndiyo maana mpaka leo akitembea, nyuma ameinama.

Basi, Uchovu akikujia njiani usimfukuze. Mpe maji, mpe kivuli, kisha mpe kazi.

Hadithi yangu imefika, nami nimefika nayo. Ikiwa tamu tumekula sote. Ikiwa chungu, ni ya yule anayesinzia pale ukutani. Naye namwona ana mgeni mgongoni. Mpeni masufuria aoshe.