Mashuka ya Hemedi

Hadithi hii aliisimulia kwanza Sharifa Shekiondo, mjini Morogoro, Machi 2009, wiki moja baada ya mambo yenyewe kutokea kwenye ua wake.

Walikuwapo watu watatu wasiojuana. Shangazi Mwanjaa wa Mlalo aliujua ukungu, Mzee Ntahondi wa Uvinza aliijua chumvi, na Mama Ligazio wa Ifakara hakuwa na mwenzake katika kupandikiza mpunga. Hakuna kati yao aliyewahi kushika brashi. Mchoraji alikuwa Hemedi, kaka yake Sharifa.

Utotoni, kule Mlalo milimani, Hemedi alichora nyumba kwa mkaa na kuizungushia mstari mzito. Shangazi akamvuta nje asubuhi ukungu umeshuka.

“Nionyeshe huo mstari.”

Hemedi akatazama. Ukuta ulikuwa umeyeyukia kwenye migomba.

“Haupo, shangazi.”

“Sasa mbona unauchora? Mwongo we!”

Hakuchora mstari tena.

Ujanani akafuata kazi Uvinza, kunakochemshwa chumvi. Alichora lundo la chumvi na kulitia kivuli cheusi. Mzee Ntahondi akaangua kicheko.

“Kijana, umenimwagia masizi! Nani ataila hiyo?” Akamshika kichwa, akamgeuzia lundo lenyewe, jua la saa nne. “Kivuli kina rangi gani?”

Hemedi alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka. “Buluu! Mzee, ni buluu!”

Kisha akasomea ualimu, akapelekwa kufundisha Ifakara. Huko alizipaka rangi na kuzirudia, akazirudia tena, hadi zikawa tope. Mama Ligazio, kainama shambani, akamwita.

“Mwalimu, unachora au unapiga deki? Nitazame. Nachomeka, naacha, nasogea. Mche ukiushikashika unakufa.”

Kuanzia hapo brashi yake ikawa inachomeka na kuacha.

Sasa, katika ukoo wa Hemedi, kazi ya kwanza ambayo fundi anaitamkia “imetimia” hupewa aliyemfundisha, ikawa mali yake. Hemedi alichora miaka thelathini bila kulitamka neno hilo. Ndipo macho yakaanza kufifia, na daktari akasema hakuna dawa.

Asubuhi moja, mvua imekatika, Sharifa akaanika mashuka uani. Hemedi akaona, akakimbilia rangi zake. Chai yake ikapoa. Jua lilipofika ukutani akaruka kama mtoto.

“Imetimia! Sharifa, imetimia!”

Sharifa akaangusha beseni, akapiga simu Mlalo, Uvinza na Ifakara. Jumamosi wote watatu walikuwa uani, mbele ya picha moja.

“Ukungu wangu huo!” shangazi alipaza sauti. “Shuka linaishia wapi, ukuta unaanzia wapi? Huwezi kujua!”

“Ukungu gani, mama? Hiyo ni chumvi,” alisema Mzee Ntahondi. “Tazameni vivuli, buluu tupu!”

“Jamani, sogeeni karibu,” Mama Ligazio akacheka. “Huu si mpunga? Hesabuni miche!”

“Nilimfungua macho mimi, kabla yenu nyote,” shangazi akasema.

“Ukamwachia mkaa. Rangi kaipata kwangu.”

“Na bila mkono wangu mngekuwa mnatazama tope.”

“Basi tuikate vipande vitatu,” Mzee Ntahondi akatania.

“Kakate koti lako!” shangazi akamkemea, na ua mzima ukacheka.

Hemedi peke yake hakucheka. Alikuwa ameikumbatia picha, rangi ikimchafua kanzu. Kila aliyesema alimwona amesema kweli. Na wawili wangeondoka mikono mitupu, kwa kuwa macho yake yasingempa picha nyingine.

Wote wanne wako hai hadi leo. Shangazi, Mzee Ntahondi na Mama Ligazio hupiga simu kila Idi kuulizia kama picha imepata mwenyewe. Hemedi sasa huona mwanga tu, na picha bado iko kwa Sharifa.

Je, wewe uliyesikiliza, ungemkabidhi nani?