Sabuni Iliyonuna

Bi Mashavu, mpika sabuni, alipika sabuni ya kufulia nguo za harusi ya binti wa tajiri Ngwali. Ikabaki majimaji kama uji. Tajiri akaja juu.

"Isipoganda leo, naondoka na sufuria yako!"

"Imenuna, bwana. Jana ulipita hapa hukuisalimu."

"Nani, sabuni?"

Bi Mashavu akaibandika motoni. "Iombe radhi huku ukiikoroga. Usinyamaze, wala usipumzike."

Tajiri akakunja mikono ya kanzu, akashika mwiko. "Nisamehe, sabuni. Nisamehe, mama." Jasho lilimtiririka mpaka adhuhuri, sabuni ikawa nzito, ikaanza kuganda. Akaenda zake akifurahi kwamba amesamehewa.

Jirani akauliza, "Kumbe sabuni husikia?"

"Isikie wapi! Ilitaka kukorogwa sana, na mimi mkono unaniuma."