Mfuniko wa Bi. Mize

Mwanamke mmoja alikuwa na sufuria kubwa ya kupikia harusi, na wasiwasi mkubwa kuliko sufuria. Jina lake Bi. Mize. Pilau, kila mpishi anajua, maji yakikauka hufunikwa, makaa yakatiwa juu ya mfuniko, ikaachwa iive kwa mvuke. Hapo penye kuacha ndipo palipomshinda. Moyo humwambia, "Inaungua." Ataondoa makaa, atafunua, atanusa, haiungui. Hajakaa vizuri kwenye kigoda, moyo umerudi palepale: "Ulinusa sawasawa?" Akili yake ilijua pilau ni nzima, mkono ndio haukusadiki.

Mumewe, Mzee Haji, mtu mwema, kazi yake ikawa kumwapia: "Wallahi haiungui, mke wangu." Kiapo kilimtuliza muda wa kumeza mate, kisha akataka kingine. Na kwa kule kufunuafunua, mvuke wote uliishia hewani. Harusi iliyopita wageni walitafuna wali wenye kiini huku wakitabasamu kwa adabu. Bi. Mize aliona haya mpaka akatamani kuiuza sufuria.

Ikaja harusi ya binti wa kaka yake. Majirani wakamnong'oneza mama wa bibi harusi, Bi. Salme, kwamba mwiko apewe mtu mwingine. Bi. Salme akakataa. Mama yake mzazi alipata maradhi hayohayo, naye Bi. Salme akampeleka kwa tabibu, akaona yanavyotibiwa. Alijua kwamba wifi yake ni mgonjwa, si mkaidi. Pilau ilipofunikwa alivuta kigoda, akaketi naye mbele ya sufuria, mikono mapajani. Jasho likamtoka Bi. Mize. "Wifi, niambie basi, inaungua?"

"Sijui, wifi yangu. Huenda inaungua. Tukae na huo wasiwasi, tuone nani atachoka kwanza."

Wakakaa. Wasiwasi ukapanda, ukapanda, Bi. Mize akadhani utampasua kifua. Kisha, mfuniko haujaguswa, wasiwasi ukaanza kushuka wenyewe. Alishangaa mpaka akacheka, na Bi. Salme, ambaye naye roho ilikuwa juu kwa ajili ya harusi ya mwanawe, akacheka zaidi.

Ilipopakuliwa, pilau ilikuwa imeiva punje kwa punje. Na chini kabisa, kweli, ilikuwa imeungua kidogo. Lile aliloliogopa miaka yote lilikuwa pale: ukoko. Mzee Haji na baba wa bwana harusi wakaugombania kwa vijiko mpaka wakafukuzwa jikoni.

Wasiwasi haukuhama mji. Harusi iliyofuata ulikuja tena, Bi. Mize akauacha ukae, mfuniko asiuguse.

Nawe uliye na Bi. Mize wako nyumbani: utaendelea kumwapia, au utavuta kigoda ukae naye?