Bi Punda na Chakula cha Bondia

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie wa mlangoni mbona sauti haitoki? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni, watoto na wazazi wenu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika kama sisi, palikuwa na punda jike akiishi juu ya kilima. Wenzake walimwita Bi Punda. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya milima, na tangu aondoke nyumba ilikuwa kimya. Kimya kabisa. Bi Punda akipika, anakula mwenyewe. Akicheka, anajisikia mwenyewe. Kila adhuhuri alikuwa akitandika mkeka wa watu wawili, kisha anakumbuka, anaukunja nusu.

Chini ya kilima palikuwa na bwawa. Kando ya bwawa aliishi Bibi Bata, kikongwe, na mjukuu wake wa kulea. Mjukuu huyo alikuwa mbwa. Mbwa gani? Kifua kipana. Pua bapa, kama aliyegonga ukuta. Midomo inaning'inia, uso una makunyanzi ya mzee, na kumbe bado kijana! Akifurahi, husimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele anairusha hewani, pa! pa! pa! kama mpiga ngumi. Basi wakamwita Bondia.

Siku moja Bibi Bata akafariki. Umri ulikuwa umekwenda. Wakamzika, wakakaa matanga, kila mmoja akarudi kwake. Bondia akabaki amekaa mlangoni.

"Nani atamchukua?" wanyama wakaulizana.

Mbuzi akasema, "Mimi nina watoto sita."

Paka akasema, "Mimi na mbwa? Mmeona wapi?"

Fisi akasema, "Ningemchukua, ila mimi mwenyewe nyumbani sikai."

Bi Punda akasema, "Nitamchukua mimi."

Alisema upesi, kabla hajatokea mwingine. Wakapanda kilima pamoja, na moyo wa Bi Punda ukawa unadunda, du, du, du. Leo ana wa kumwambia karibu chakula!

Akatoa kilicho bora ndani ya nyumba. Majani mabichi aliyokata alfajiri. Pumba za mahindi zilizotiwa chumvi. Vitu ambavyo yeye mwenyewe alivila sikukuu kwa sikukuu.

"Karibu, mwanangu. Kula."

Bondia akanusa, fu, fu, fu. Akatia jani kinywani. Akatafuna, akatafuna, akatafuna, jani likabaki linaning'inia mdomoni.

"Ahsante, Bi Punda. Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba, watoto. Ilikuwa adabu tu.

Kesho yake Bi Punda akaenda kwa Paka. "Jirani, mwanangu hali. Nimpe nini?"

"Maziwa," akasema Paka. "Kuna asiyependa maziwa?"

Bondia akayanywa yote, lapu, lapu, lapu. Bi Punda akafurahi. Hata kivuli hakijasogea, tumbo la Bondia likaanza, guru, guru, guru! Siku mbili hakutoka vichakani.

Bi Punda akaenda kwa Fisi.

"Nyie hamjui mbwa!" akasema Fisi. "Mbwa ni mfupa! Chukua huu, umepikwa ukaiva."

Bondia akauma. Ka! Mfupa ukapasuka, kipande kikamkwama kooni. Khaa! Khaa! Khaa! Bi Punda akampiga mgongoni kwa kwato, pu! pu! Kipande kikaruka nje, kina damu.

Sasa mbavu za Bondia zikaanza kuonekana. Moja, mbili, tatu. Na kila adhuhuri, Bi Punda akitandika mkeka, Bondia anainuka, anateremka kilima, harudi mpaka chakula kimepoa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nanyoosha miguu tu, Bi Punda."

Siku ya tano Bi Punda akamfuata. Polepole, nyuma ya nyasi. Akamkuta mlangoni pa nyumba ya marehemu, ameinamia chungu kitupu, anakilamba. Ndani hamna kitu, na bado analamba. Kisha akaimba. Mniitikie:

*Bibi Bata, nimekuja,*
*Mlango wako umefungwa,*
*Chungu chako kimepoa,*
*Nani ataniambia kula?*

Wivu ukamchoma Bi Punda. "Majani yangu yote yale," akajisemea, "na kumbe mwenzangu anataka chungu kitupu!" Akageuka aondoke.

Hatua tatu, akasimama. Alimkumbuka binti yake. Naye yuko huko ukweni, anakula chakula cha wenyewe. Je, yuko mtu aliyewahi kumuuliza anapenda nini? Au na yeye anasema, ahsante, nimeshiba?

Akarudi, akakaa chini kando ya Bondia.

"Mwanangu," akasema, "bibi alikuwa akikupa nini?"

Bondia akamgeuzia uso. Walimpa majani, walimpa maziwa, walimpa mfupa. Kuulizwa, ilikuwa leo.

"Ugali wa mtama," akasema. "Laini. Na dagaa, anawaponda kabisa. Bakuli analiweka juu ya jiwe, maana pua yangu hii fupi, nikiinama sana napaliwa. Na anauacha upoe kwanza. Nikila kwa pupa ananiambia, taratibu, baba, hakuna anayekufukuza."

Alisema yote hayo kwa pumzi moja, kama aliyekuwa ameyashika mkononi muda mrefu.

Bi Punda akaenda kwa Korongo, mvuvi wa bwawa lile, akaomba dagaa. Akawabeba. Wee! Punda na dagaa! Pua ilimwasha, machozi yalimtoka njia nzima. Akapika. Ugali wa kwanza ukawa mgumu, akaumwaga. Wa pili ukaungua. Wa tatu akauacha upoe, akaponda dagaa, akaweka bakuli juu ya jiwe.

"Karibu, mwanangu. Taratibu. Hakuna anayekufukuza."

Bondia akala tonge moja. Akala la pili. Akala la tatu, kisha akaanza kulia. Akala huku analia, na Bi Punda hakumwambia nyamaza.

Ikawa hivyo kila siku. Lakini jua lilikuwa kali mwaka ule. Asubuhi moja Korongo akapanda kilima.

"Bi Punda, bwawa linakauka. Dagaa nilionao ni wa siku kumi. Kisha nahama."

Bi Punda akakaa akafikiri. Juu ya kilima kulikuwa na kunde. Kulikuwa na mayai, Kanga alikuwa na ya kugawa. Chakula kizuri, chenye nguvu. Lakini alikuwa ameshajifunza. Hakumwaga cha zamani akaweka kipya.

"Mwanangu," akasema, "leo bakuli ni la bibi yako, na kijiko kimoja ni changu. Ukikikataa, nitakitoa."

Siku ya kwanza, kijiko kimoja cha kunde zilizopondwa na yai. Siku ya pili, viwili. Siku ya nne tumbo likanguruma, guru! Bi Punda akarudi kwenye viwili, akangoja. Siku ya sita, vitatu. Akaendelea hivyo, hana haraka, kipya kinapanda, cha zamani kinashuka.

Siku ya kumi dagaa wakaisha. Bakuli lote lilikuwa la kilimani. Bi Punda akaliweka juu ya jiwe. Hakuweza kutazama. Akaenda nyuma ya nyumba, akasimama uso ukutani.

Kisha akasikia, kwaru, kwaru, kwaru. Ulimi kwenye bakuli.

"Bi Punda!"

"Naam?"

"Kimebaki?"

Bi Punda alikuja mbio, chungu chote mdomoni, akammiminia, akammiminia tena.

Je, Bondia alimsahau Bibi Bata? Hakumsahau. Mpaka akawa mbwa mzima mwenye mvi za shavuni alikuwa akimlilia. Ila alimlilia akiwa ameshiba, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Basi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Ukimpokea aliyepoteza kwao, usimlishe unachokipenda wewe, wala anachosema jirani. Muulize alikuwa akila nini. Kisha cha kwako mwongezee kidogo kidogo, bila kumnyang'anya cha kwao.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa, na hapa ndipo inapolala.