Shaba Irudi Nyekundu

Palikuwa na Sultani mmoja katika mji wa Mtangani, jina lake Zubeiri, mtu aliyependa sana kicheko mradi asichekwe yeye. Kila Ijumaa baada ya sala alikaa barazani akajisifu yale yale: "Baba yangu katoka ng'ambo, mwenye upanga. Mama yangu binti wa hapa hapa, mwenye ardhi. Mimi nimechukua bora ya kule na bora ya huku!" Watu wakaitikia, "Kweli, Maulana," huku jicho moja liko mlangoni kutazama kama halua inakuja.

Basi akasikia mfalme jirani ana siwa, ile pembe kubwa ya sherehe, tena ya shaba ya manjano. Wivu ukamshika. Akakusanya masufuria ya shaba nyekundu aliyoachiwa na bibi yake, akamtupia Fundi Mbaruku. "Nifulie siwa. Na iwe ya manjano!"

Fundi akayeyusha, akatia jiwe la zinki lililoletwa na wafanyabiashara wa Bara Hindi, wekundu ukatoweka, siwa ikatoka inameta hata paka akijitazama humo anajiona chui.

Sasa kwa desturi siwa haipulizwi na kila mwenye midomo. Ina ukoo wake, baba humrithisha mwana. Lakini Zubeiri angesubiri mpulizaji? Siku ya Idi akaipokonya, akajaza mashavu, akapuliza. Loo! Ikatoka sauti ya punda aliyekanyagwa mkia. Mji mzima ukashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Ni lile jiwe!" akafoka. "Jiwe la wageni limeharibu shaba ya bibi yangu! Mbaruku, nirudishie shaba yangu nyekundu, isibaki chembe ya zinki. Mpaka hapo, makazi yako gerezani."

Fundi huyo alikuwa na mke, Mwanamkasi, mwanamke kijana, mtoto wao wa kwanza, Kombo, hata jino hajaota. Mwoga, jamani! Radi aliogopa, mjusi aliogopa, mama mkwe ndiyo usiseme. Na akiogopa, ulimi wake hutoka mbio, miguu ikabaki nyuma. Usiku ule hakulala. Nani atavuta mivukuto ya moto wa shaba? Nani atamwona Kombo akianza kutambaa? Asubuhi akamfunga mtoto kifuani, akaenda barazani.

"Nashika miguu, Maulana, samahani, sikuja kusumbua, nimekuja tu, yaani, huyu mtoto ana baba, na baba yuko kwako, na mimi..."

"Pumua, mwanamke!"

"Abee, Maulana. Napumua."

"Umeleta shaba yangu?"

"Nimekuja kuuliza namna ya kuileta."

Hapo Kombo akapasua kilio, baraza zima likatetemeka. Sultani akaziba masikio, akatabasamu kwa dhihaka. "Mashallah! Huyu ana sauti kuliko pembe aliyofua baba yake."

"Ni kwa sababu pembe hii ya kifuani inapulizwa na mpulizaji wake halali, Maulana."

Watu wakaanza tena kukohoa. Mwanamkasi akajiziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka, utalifukuzia wapi?

"Una ulimi wewe!"

"Ni woga, Maulana, wallahi ni woga, nikiogopa nasema, nikisema naogopa zaidi. Lakini hilo jiwe limekosa nini? Shaba nyekundu peke yake laini, ukiigonga inabonyea. Zinki peke yake ukiigonga inapasuka. Zikikaa pamoja ndiyo tunapata dele lako la kahawa, na chetezo chako cha udi, na ile misumari ya mlango wako unaoutambia, yote manjano, yote mchanganyiko, hata sinia la halua..."

"Hayo ya jikoni kayasemee jikoni! Hapa pana hukumu. Kitu kilichochanganywa kichambuliwe. Cha wageni kirudi kwa wageni, cha hapa kibaki hapa."

"Shaba tu, Maulana?"

Sultani akatazama baraza lilivyojaa. Akapenda kuonekana mkubwa. "Kila kitu!"

"Hata kikiwa kimekaa mchanganyiko miaka mingi?"

"Hata kikiwa kimezeeka!"

"Hata kikiwa chako mwenyewe?"

"Sheria yangu haina upendeleo! Waziri, umesikia?"

"Nimesikia, Maulana," akasema waziri, akiwa ameanza kusogeza kiti chake nyuma kidogo kidogo.

Maziwa yalikuwa yamelowesha kanga ya Mwanamkasi, moyo unapiga kama nyundo ya mumewe. Akamfungua Kombo kifuani, akamweka begani.

"Alhamdulillahi. Basi imebaki kazi tu. Lakini mafundi shaba wana desturi yao, Maulana, unaijua. Hawatii mzigo wote motoni kabla ya kujaribu kipande. Kipande kikikubali, mzigo unafuata. Kikikataa, mzigo unaachwa ulivyo, na fundi anakwenda zake nyumbani."

"Desturi nzuri. Nakubali. Haya, leta kipande chenu."

"Kipo hapa hapa, Maulana. Tena mchanganyiko wake tunasimuliwa kila Ijumaa."

"Kiko wapi?"

"Kimekalia kiti. Basi tuwie radhi, mimi na mwanangu: nusu ipi inarudi ng'ambo leo, na nusu ipi inabaki kutufungulia gereza?"