Daraja la Diwani Mwambungu

Diwani Mwambungu alipokaribia kustaafu, alimwita Sekela, mchapaji wa kadi, amtayarishie mialiko ya sherehe ya kumuenzi.

"Andika kwamba nilijenga daraja la mtoni."

"Mheshimiwa, mtoni bado tunavuka tumekunja nguo."

"Wageni wa mjini watajuaje? Andika, au nitakifunga kibanda chako."

Sekela aliandika, akasambaza kadi zote. Baada ya siku tatu diwani alikuja kuuliza kama mkuu wa mkoa atahudhuria.

"Amekubali. Amepapenda sana mahali pa sherehe."

"Uwanja wa shule?"

"Uwanja ni mdogo kwa heshima yako. Nimeandika tutakutana juu ya daraja lako."

Diwani aliketi taratibu. "Zimebaki wiki ngapi?"

"Sita, mheshimiwa."

Kesho yake alfajiri mafundi walikuwa mtoni, na diwani mwenyewe akiwahimiza.